Umewahi Kukwaruza Lori la Bosi? Mwongozo Kamili wa Kupata Kazi Tena Uganda

Dereva ninayemwona kila wiki ni yule yule, sura tu ndio zinabadilika. Ana pamiti (leseni ya udereva), ana miaka barabarani, njia ya Malaba mpaka Katuna anaijua shimo kwa shimo. Ameomba kazi yadi sita za malori, zote zikamwambia "acha namba, tutakupigia", na simu ikakaa kimya. Nikimuuliza ulisema nini kuhusu ajali, jibu ni lile lile: "Nilisema sijawahi kugonga." Haya.

Mimi nilishika usukani miaka kadhaa, saa hizi nakaa upande wa ofisi ya yadi, na kazi yangu mojawapo ni kuwapigia simu mabosi wa zamani wa watu wanaoomba kazi. Kwa hiyo nitakueleza kinachotokea baada ya wewe kutoka getini, maana hicho ndicho wengi hawakioni.

Nikisema ajali ndogo naongelea bampa, taa, kioo cha pembeni, ukuta wa mteja, paa la petroli stesheni, boda uliyemgusa akainuka akaondoka. Kama kuna mtu alikufa au kesi bado iko kortini, huu mwongozo haukutoshi, tafuta wakili kwanza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Pamiti ambayo haijaisha na klasi yake inalingana na gari unaloomba. CM ni lori la kati, CH ni zito, CE ndiyo ya trela. Watu wanakuja na CM wakiomba trela afu wanashangaa kukataliwa.
- Ndagamuntu, yaani kitambulisho cha taifa, yenyewe na kopi kama tano hivi.
- Barua ya LC1, mwenyekiti wa kijiji au mtaa, ya pale unapolala sasa, sio ya kijijini kwenu. Tukitaka kukutafuta tutakutafuta unapolala.
- Wadhamini wawili wanaopokea simu. Mmoja lazima awe mtu aliyekuona ukiendesha, shemeji yako mwenye duka hatusaidii kitu.
- Cheti cha tabia njema cha Interpol, kama unalenga kampuni kubwa au safari za nje.
- Kwa Juba au Congo ongeza pasipoti na kadi ya njano ya chanjo. Hapa watu wanachanganya: kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ni yako wewe mwili wako, ile Yellow Card ya COMESA ni bima ya gari. Nimeshaona mtu anabishana nusu saa getini kwa sababu ya hizi kadi mbili.
- Daftari, kalamu, simu yenye kamera.
- Nauli na chakula cha wiki tatu. Mwenye njaa anakubali kazi yoyote, na kazi mbovu ndiyo itakayokuongezea ajali nyingine.

## Hatua ya 1: Jua rekodi yako imekaa wapi

Kuna nchi ambako bosi anabonyeza kompyuta anaona kila ulichogonga tangu upate pamiti. Kwetu rekodi yako imetawanyika sehemu tatu.

Ya kwanza ni polisi. Ajali iliyoripotiwa inaingizwa kwenye kitabu cha trafiki na kupewa namba ya TAR. Ya pili ni bima, kama bosi aliomba fidia basi kuna faili lenye jina lako na kopi ya pamiti yako. Ya tatu ndiyo inayoua watu wengi, nayo ni simu ya meneja wako wa zamani.

Mameneja wa transpoti wanajuana. Huyu wa Namanve alifanya kazi na yule wa Nakawa, yule wa Nakawa anakunywa chai na wa Bweyogerere. Nikiona kwenye barua yako kwamba ulikuwa yadi fulani, dakika tano tu nimeshampata mtu. Simuulizi kama uligonga, namuuliza "ungemrudisha?" Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu nimeshaelewa.

Kaa chini na daftari uandike kila ajali unayoikumbuka, hata ile ya kioo. Mwaka, mwezi, mahali, gari, nani aliiona. Usichuje kwanza.

Umefaulu ukiwa na orodha ambayo tanboi (utingo) wako wa zamani akiisoma hataongeza kitu. Mpigie umsomee kabisa, wenzetu hawa wanakumbuka sana.

## Hatua ya 2: Kusanya karatasi

Nenda kituo cha polisi ajali ilipoandikwa, uliza kwa adabu namba ya TAR na namna ya kupata ripoti. Kama gari lilikaguliwa na watu wa IOV, wale wakaguzi wa magari wa polisi, ile ripoti yao ni dhahabu kwako, kwa sababu inasema breki zilikuwaje siku ile. Kuna dereva alibeba lawama karibu mwaka mzima kumbe ripoti ilikuwa inasema breki za trela zilikuwa zimeisha. Hakuwahi kuiomba.

Kwa bosi wa zamani omba cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema ukiondoka kazini na ukikiomba, mwajiri akupe cheti kinachoonyesha ulikuwa nani hapo na kwa muda gani. Sasa sikiliza vizuri: sababu ya kuondoka inaandikwa tu kama wewe mwenyewe umeomba iandikwe, na maoni kuhusu kazi yako vile vile. Kwa hiyo kama mliachana vibaya, omba cheti kitupu cha muda na cheo. Kama mliachana vizuri, omba aandike na maoni. Akikataa kabisa kukupa, kuna afisa wa kazi wa wilaya, ila mimi ningeanza na simu ya kistaarabu, maana huyu huyu ndiye nitakayempigia.

EPS zako, zile faini za papo kwa papo za trafiki, nazo lipa zote. Faini za trafiki ambazo hujalipa zinakungoja siku unaporinyu pamiti, na bosi akiziona anajiuliza mtu ambaye hakulipa zake atafanyaje na za gari langu.

## Hatua ya 3: Andika karatasi ya ajali

Hapa ndipo kazi yote ilipo, usiruke.

Ni ukurasa mmoja, unauandika wewe, unaenda nao kila yadi. Kila ajali ina mistari mitano: lini na wapi, nini kiligongwa, hasara ilikuwa kiasi gani na nani alilipa, chanzo, nini umebadilisha tangu siku hiyo. Mfano hivi:

*Machi 2021, yadi ya mteja, Jinja. Narivasi trela kuingia stoo. Kona ya nyuma kushoto iligonga nguzo. Taa na bati, shilingi 350,000, nililipa kwa kukatwa mshahara mara mbili. Chanzo: sikushuka kuangalia, na tanboi alikuwa amesimama nisipomwona. Sasa: nashuka kila mara, na tanboi nisipomwona kiooni nasimama.*

Angalia mstari wa chanzo. Hakuna "gari liligonga nguzo", hakuna "bahati mbaya". Bosi akisoma "bahati mbaya" anaelewa kwamba itatokea tena, kwa sababu bahati haina spana ya kuifunga. Akisoma "sikushuka" anajua kosa lina dawa.

Kama kosa halikuwa lako sema hivyo pia, lakini kwa karatasi. "Niligongwa nyuma nikiwa nimesimama kwenye foleni Malaba, namba ya TAR hii hapa." Bila karatasi utaonekana unamsingizia mtu ambaye hayupo.

Onyo: usipunguze idadi. Ukisema mbili na mimi nikaambiwa nne, zile nne sio shida tena, shida ni zile mbili ulizozificha. Nimewahi kumpa kazi mtu wa ajali tano. Mtu wa ajali moja aliyoificha nilimrudisha kutoka getini na barua yake ya LC1 mkononi.

Umefaulu kama unaweza kuisoma mbele ya mtu bila sauti kupanda. Mjaribu mkeo, au rafiki anayependa kubishana.

## Hatua ya 4: Tibu kosa lenyewe

Tazama orodha yako. Karibu kila dereva ana kosa moja linalojirudia, na kwenye malori makosa yenyewe ni mawili matatu tu.

Kurivasi. Hili ndilo linaloongoza, na sababu kubwa ni uvivu wa kushuka. Shuka, tembea nyuma, angalia chini na juu, maana paa na nyaya haziko kwenye kioo. Ukiweza kuchagua, rudi ukikunja mkia upande wa kulia ambako umekaa, unaona kwa dirisha na kwa kioo. Ukirudi kwa kushoto unarudi kipofu. Kwa trela, kama mikono bado inachanganyikiwa, shika usukani kwa chini kabisa, halafu peleka mkono upande unaotaka mkia uende. Ukitaka mkia uende kushoto, mkono uende kushoto. Inaonekana ya kitoto lakini imewasaidia watu wazima wengi.

Kona ya kushoto. Magurudumu ya trela hayafuati njia ya kichwa, yanakata ndani. Ndiyo maana kichwa kinapita salama afu nyuma unasikia kelele ya boda. Nenda mbele zaidi kabla ya kukunja, punguza mwendo, na angalia kioo cha kushoto mara mbili: kabla ya kukunja na katikati ya kukunja. Pale Nakawa boda anaingia kwenye nafasi ambayo sekunde moja nyuma haikuwepo.

Usingizi na haraka. Ukiona ajali zako nyingi ni alfajiri au mwisho wa tripu, shida haiko mikononi. Ni ratiba, na utaulizwa kwenye usaili unalalaje.

Pa kufanyia mazoezi? Omba yadi ikupe kazi ya kusogeza magari ndani, hata kwa wiki mbili na malipo madogo. Unarivasi mara thelathini kwa siku bila trafiki wala boda. Lakini usishike gari la mtu kwa ruhusa ya tanboi tu. Ukigonga hapo hakuna bima itakayokujua.

Kama unaweza, tafuta pia mafunzo ya udereva wa kujihami. Shirika la Safe Way Right Way limekuwa likifundisha madereva wa malori hapa Uganda, na cheti chenye tarehe ya baada ya ajali yako ya mwisho kinaongea sana.

## Hatua ya 5: Chagua mlango unaofunguka

Wengi wanaanza na tanki za mafuta na miradi ya mafuta ya Hoima kwa sababu ya mshahara. Huko ndiko mlango ni mwembamba kuliko kote. Mzigo ni wa hatari, afisa wa usalama ana neno lake, bima ina lake, na mwenye mzigo naye anataka kuona faili lako. Ukikataliwa huko mara tatu unavunjika moyo bure.

Anzia hivi:

Kwanza malori ya ndani ya mji na mkoa, yaani tipa za mchanga na kokoto, Fuso na Isuzu za kugawa soda, saruji, chakula cha kuku. Mwenyewe mara nyingi ni mtu mmoja mwenye gari mbili au tatu, anaamua mwenyewe pale pale. Anachojali ni uaminifu na kama utaamka.

Baadaye trela za ndani, Kampala mpaka Gulu, Mbale, Mbarara. Ukikaa hapo mwaka bila kugonga, karatasi yako ina mstari mpya wenye nguvu.

Ndipo transit: Mombasa, Kigali, Juba kupitia Elegu. Huku mzigo una sili ya kielektroniki ya URA, mamlaka ya mapato, unafuatwa njia nzima, na ukichepuka kula kuku Namawojjolo nusu saa zaidi kuna mtu anaona kwenye skrini.

Ukitaka mafuta ya Hoima baadaye, jiandikishe kwenye rejista ya vipaji ya sekta ya mafuta ya Petroleum Authority of Uganda, na uendelee na kazi yako ukingoja.

Kuhusu madalali sitasema mengi. Anayetaka mobail mani kabla hujaona gari wala yadi, mkimbie. Na yule wa kazi za lori Dubai au Poland, hakikisha kwanza kampuni yake ina leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii.

## Hatua ya 6: Kuingia yadi

Usiende Jumatatu asubuhi, kila kitu kinawaka. Usiende mwisho wa mwezi, watu wanadai mishahara. Jumatano au Alhamisi, kama saa nne hivi magari yakishatoka, meneja anakuwa amekaa.

Anza na askari wa geti, msalimie vizuri, yeye ndiye anajua gari gani limeegeshwa halina dereva. Hiyo habari peke yake inazidi barua kumi.

Ukifika kwa meneja usimwage historia ya maisha. Iwe hivi:

"Habari za kazi, mzee."

"Nzuri. Sema."

"Natafuta kazi ya lori. Nina CH na CE, nimeendesha miaka saba. Nimegonga mara tatu, hakuna aliyeumia, nimeziandika zote hapa."

Halafu mpe karatasi na unyamaze. Kunyamaza ni kugumu, najua, lakini ukianza kueleza kabla hajasoma unaonekana unajitetea. Mwache asome. Atauliza kuhusu moja tu, kwa kawaida ile ya mwisho. Jibu kwa ile mistari mitano, basi.

Atakujaribu pia: "Huyo bosi wako wa zamani alikuwaje?" Huu ni mtego. Ukimtukana, meneja anajiona yeye kesho. Sema ulichojifunza pale, ongeza namba yake ya simu wewe mwenyewe kabla hujaombwa.

Umefaulu sio akikupa kazi siku hiyo. Umefaulu akisema "hii ya pili ilikuwaje?" badala ya "acha namba". Anayeuliza anafikiria kukuchukua.

Jambo moja zaidi: kabla hujaenda, mpigie yule meneja wa zamani. "Mzee, naomba kazi mahali, watakupigia, nimewaambia ajali zote tatu." Sasa akipigiwa anasema kile kile ulichosema. Hata kama hakupendi sana, hana cha kuongeza.

## Hatua ya 7: Testi ya gari

Wanaofeli hapa wengi wanafeli kabla ya kuwasha injini. Wanapanda, wanawasha, wanaondoka. Mtu mwenye rekodi ya kugonga akifanya hivyo, imeisha.

Zunguka gari lote polepole. Tairi kwa mkono na kwa jicho, nati, taa, vioo, oili, maji, paipu za upepo kati ya kichwa na trela ile nyekundu na ile ya manjano, loki za kontena kwenye kona nne. Hakikisha miguu ya trela imepandishwa. Angalia kingipini imefungwa kweli, halafu panda, funga breki za trela, vuta mbele kidogo kwa gia ya chini. Ikishikilia, sawa. Trela iliyoachana na kichwa getini nimeshaiona, na mwenye kuifunga alikuwa na miaka kumi na tano ya kazi.

Ngoja upepo ujae kabla hujatoa breki. Rekebisha vioo mbele ya anayekupima, aone.

Barabarani nenda pole. Malori ya mizigo mwisho wake kwenye haiwei ni 80 kwa saa, na hakuna aliyewahi kukosa kazi kwa kwenda 60 kwenye testi. Mteremko unashuka na gia ya chini na breki ya injini, usining'inie kwenye pedali mpaka breki zinuke. Ukiambiwa rivasi, shuka uangalie. Ukipotea kidogo simama, nenda mbele, anza upya. Kurekebisha sio kufeli. Kulazimisha ndiko kufeli.

Kuna swali la mizani litakuja: ekseli saba mwisho tani 56 kwa sheria ya Afrika Mashariki, na kila kundi la ekseli lina kikomo chake. Ukijibu bila kubabaika anajua hutamletea faini kutoka mizani ya Magamaga au Lukaya.

## Hatua ya 8: Miezi mitatu ya kwanza

Umepata. Sasa jua kwamba kila mkwaruzo kwenye hilo gari ni wako, hata ule wa dereva aliyekutangulia. Kwa hiyo kabla hujalichukua piga picha pande nne, vioo, bampa, na kona za trela, umtumie meneja kwenye WhatsApp siku hiyo hiyo na neno moja: "Nimelipokea hivi." Ukirudi fanya tena. Ni dakika tatu.

Usisaini karatasi ya makato ambayo haijaandikwa kiasi. Kuna yadi wanakupa karatasi tupu siku ya kwanza "ni utaratibu tu". Mwambie utasaini ikijazwa.

Ukigusa kitu, simama. Picha, namba ya gari la mwenzio, polisi kama kuna uharibifu au mtu kaumia, na simu kwa meneja kabla mtu mwingine hajampigia. Usilipane pembeni na boda kwa elfu hamsini ukidhani imeisha, kesho anarudi na wenzake ishirini na wewe huna namba ya TAR.

Mafuta usiguse. Abiria usibebe, hata mama mwenye mtoto pale Bugiri usiku, inauma lakini bima haimjui.

Mwezi wa tatu ukiisha salama, muombe meneja mistari miwili kwenye karatasi yenye kichwa cha kampuni: dereva huyu ameanza lini, hajagonga. Ibandike nyuma ya karatasi yako ya ajali uziweke pamoja kwenye bahasha moja, kavu, sio chini ya kiti cha lori.